Makala juu ya Makala

Mama mdogo wangu haangalii filamu, anazisikiliza. Anakaa ubavuni mwa kompyuta, mahali ambapo kioo hakionekani vizuri, mikononi ana majani ya sombe, yaani kisamvu, ya kuchambua au vifuko vya makala vya kufunga kwa ajili ya kesho, na masikio yake ndiyo yanayofuata hadithi. Filamu ikiwa ya Kifaransa anasinzia kabla ya dakika kumi. Ikiwa ya Wanijeria anaamka penye kelele, anauliza nani amekufa, anasinzia tena. Kwa hiyo jioni ile alipoacha vifuko chini, akaburuta kiti chake mpaka mbele ya kioo na kunisukuma kando kwa kiwiko, nilijua safari hii mambo ni mengine.

Filamu yenyewe inaitwa Makala. Hapa lazima nisimame kidogo kwa ajili ya wasomaji wa Dar es Salaam na Mombasa. Kwenu makala ni maandishi, kama haya, na cha kuwashia jiko mnakiita makaa. Kwetu Lubumbashi makala ni ile nyeusi inayochafua mikono, inayouzwa langoni kwetu Katuba chini ya mwembe, na ambayo ndiyo iliyonilipia shule. Mtu wa Kinshasa naye ukimtajia Makala anafikiria gereza kwanza. Basi haya ni makala juu ya Makala, na nimeshacheka peke yangu, hamna haja ya kunisaidia.

Nitaifikia. Ilikuwa ya tatu kati ya filamu ambazo rafiki yangu wa Kamalondo alinijazia kwenye flashi. Sina Netflix, na hata ningekuwa nayo, mega zangu zingeisha kabla watu hawajaanza kupigana. Tunaangalia hivi: umeme ukija usiku wa manane naamka kuchaji kompyuta, na jioni ya kesho yake, kukiwa giza tena, tunaifungua barazani. Betri inavumilia saa mbili na nusu hivi. Hiyo ndiyo kamati yetu ya kuchagua filamu: yoyote inayozidi saa mbili na nusu hatutaujua mwisho wake.

Ya kwanza nilianza nayo kwa sababu ya jina tu. The Siege of Jadotville, ya mwaka 2016, ya Richie Smyth. Jadotville ni Likasi, kilomita 120 hivi kutoka hapa. Babu yangu mpaka anazeeka alikuwa bado analitumia jina la kikoloni, na sisi watoto tulidhani Jadotville na Likasi ni miji miwili tofauti, mmoja mzuri ambao hatujawahi kupelekwa, mwingine huu wa vumbi tunaoujua. Filamu inasimulia jambo la kweli. Septemba 1961 kikosi cha Waairlandi wapatao 150, askari wa Umoja wa Mataifa chini ya kamanda Pat Quinlan, kilizingirwa siku tano na jandarmeri, yaani askari, wa Katanga, jimbo letu lililokuwa limejitenga na Kongo, pamoja na mamluki wa Kizungu, mpaka risasi na maji vikakiishia, kikajisalimisha. Hakufa Mwairlandi hata mmoja. Jamie Dornan ndiye anayecheza Quinlan, na anacheza vizuri, kwa uso wa mtu aliyeachiwa mzigo ambao mabosi wake wameukimbia. Kama mnapenda filamu za vita, hii haitawachosha.

Lakini mimi nilikuwa natafuta Likasi. Ilipigwa Afrika Kusini. Macho yangu yalikuwa yanazunguka pembeni mwa kioo yakitafuta udongo wetu na vile vichuguu virefu kuliko mtu, mpaka nikajikuta sijui nani amempiga nani. Na Wakatanga wa humo kazi yao ni moja: wanakuja mbio kuelekea bunduki, wanaanguka. Wanakuja wengine, wanaanguka. Hawana majina, hawana mama. Mtaani kwetu wa zamani kulikuwa na mzee aliyekuwa jandarmeri miaka ile; alikuwa anatengeneza viatu na kutukemea tukirusha mpira karibu na meza yake. Nilipokuwa naangalia wale wanaoanguka nilikuwa namtafuta yeye: huyu si yeye, huyu si yeye. Wenzake wengi baada ya Katanga kurudishwa Kongo walivuka kwenda Angola, wakarudi na bunduki mwaka 1977, wakarudi tena Kolwezi mwaka 1978. Hiyo ingekuwa filamu. Sijui nani atakayetoa falanga zake, yaani pesa, kwa ajili yake.

Mama mdogo aliamka karibu na mwisho.

"Banapiganiaka nini?"

"Katanga, Mama."

"Na banasema Swahili?"

"Hapana."

"Basi haiko Katanga."

Akaendelea na sombe yake. Nimesoma uchambuzi mwingi wa filamu maishani, mwingine wa kurasa nyingi, ila sijapata ulio mfupi kuliko huo na wenye haki zaidi.

Ya pili ni Augure, ya Baloji, mwaka 2023. Huyu ni mtoto wa hapa: alizaliwa Lubumbashi, akapelekwa Ubelgiji akiwa mdogo sana, akawa mwanamuziki kabla ya kushika kamera. Hata jina lake linahitaji maelezo kwa watu wa pwani. Kwetu mulozi ni mchawi, na wakiwa wengi ni balozi. Waluba wanasema baloji. Kwa hiyo gazeti la Dar likiandika kwamba balozi amewasili na amepokewa kwa shangwe, sisi tunafunga madirisha. Baloji mwenyewe amelizungumzia jina hilo hadharani mara nyingi, jinsi lilivyomlemea tangu utotoni, na ukiangalia filamu yake unaona mtu aliyeamua kulijibu.

Koffi anarudi nyumbani kutoka Ubelgiji na mchumba wake Alice, Mzungu, mwenye mimba ya mapacha, ili kumletea baba yake mahari. Tangu utoto wake watu wa nyumbani walimwona ni mtoto wa laana kwa sababu ya alama aliyozaliwa nayo usoni. Baba haonekani, yuko mgodini. Familia imekaa, chakula kipo, mtoto mchanga anapakatwa. Na Koffi, akiwa amembeba yule mchanga, anatokwa damu puani, damu inamdondokea mtoto.

Nataka kuisifia ile sekunde inayofuata. Si kelele, kelele zinakuja baadaye na zinajulikana. Nasema ile sekunde kabla mtu yeyote hajafungua mdomo, macho yanapotoka kwenye damu kwenda kwa Koffi, na kila mmoja pale anajua kwamba mwenzake naye amefikiria jambo lile lile. Aliyekulia kwenye familia ya kwetu anaijua sekunde ile. Sisi pia tuna mtu ambaye jina lake halitajwi kwenye karamu, na mambo yake yalianza na kitu kidogo kuliko damu ya pua. Mama mdogo alisema "Yesu", akainuka kwenda kuangalia kama lango limefungwa. Halikuwa na sababu ya kutokufungwa. Hakurudi kukaa.

Anayemcheza Koffi ni Marc Zinga, na Marc Zinga alizaliwa Likasi. Huyo basi ndiye Mlikasi niliyekuwa namtafuta katika filamu ya kwanza. Kumbe alikuwa ananingoja katika ya pili.

Sikuipenda yote. Filamu ilipigwa Kinshasa na hapa Lubumbashi, lakini nchi yenyewe imefanywa kuwa ya ndoto, pande mbili zimeshonwa pamoja, na macho ya mtu wa hapa hayatulii: unaanza kuitambua barabara, unageuka kona, uko mahali pengine kabisa. Wale vijana wa mtaani wa kundi la Paco wenye magauni ya waridi, maandamano, barakoa, kila dakika ni picha ya kutundika ukutani, na mtu huchoka kuishi kwenye nyumba yenye picha nyingi hivyo. Sehemu iliyonibana kooni ni ya mama, Mama Mujila, ambaye Yves-Marina Gnahoua anamcheza bila kujipendekeza kwa mtazamaji. Kwa zaidi ya saa nzima nilikuwa namchukia mwanamke yule. Filamu ilipomgeukia nikaona kwamba nilikuwa nimemfanyia alichofanyiwa Koffi.

Tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, waliipa tuzo ya sauti mpya katika kundi la Un Certain Regard, na kwenye Oscar iliyoipeleka ni Ubelgiji. Sina ugomvi na hilo, aliyelipa ndiye mwenye kubeba. Ila nilicheka kidogo kufikiria filamu ambamo Kiswahili chetu kinasikika ikisafiri na pasipoti ya Ubelgiji, kama madini.

Kulikuwa na ya nne, ya watu wanaoruka angani na nguo za kubana. Nililala.

Sasa Makala. Imetengenezwa na Mfaransa, Emmanuel Gras, mwaka 2017, na mwaka huo huo ikachukua zawadi kubwa ya Wiki ya Wahakiki huko Cannes. Si hadithi ya kubuni. Ni kijana wa miaka 28, Kabwita Kasongo, wa kijiji cha Walemba upande wa Kolwezi. Anaangusha mti. Anauchoma. Anapakia makala kwenye kinga, ndiyo hiyo mnayoiita baisikeli, na kuisukuma kilomita kama 50 mpaka mjini kuiuza, kwa sababu anataka mabati ya nyumba yake. Filamu ya dakika 96 na hakuna zaidi ya hapo. Niliposoma maelezo hayo nilimwambia rafiki yangu: hiyo si filamu, hiyo ni Jumanne.

Mwanzo Kabwita anaupiga mti kwa shoka, mti mkubwa, na kamera haina haraka. Hapo ndipo Mama mdogo aliposogeza kiti.

"Atauweza peke yake?"

"Sijui, Mama. Ngoja."

"Ule muti njo wenyewe. Makala ya muti wa hivi inakawia ku mbabula. Haikimbie kama ile banaletaka siku hizi."

Mbabula ndilo jiko letu la makala. Kuanzia hapo sikuangalia tena filamu peke yangu. Niliangalia filamu pamoja na fundi. Kabwita alipofunika magogo kwa udongo, Mama mdogo alitoa hesabu ya siku. Moshi ulipotoka pembeni alipiga mdomo, kwamba tanuri limepasuka na makala yatakuwa majivu. Mifuko ilipofungwa juu kwa kamba na majani, ikapandishwa kwenye kinga mpaka kinga yenyewe isionekane, aliikagua kama anayetaka kununua. Mahali ambapo mimi nilikuwa naona picha nzuri, mtu mdogo na mzigo mkubwa kwenye vumbi la asubuhi, yeye aliona mufuko wa chini upande wa kushoto umekaa vibaya. Na ukweli ni kwamba ulikuwa umekaa vibaya.

Halafu akauliza swali ambalo mimi, mwenye diploma, sikuwa nimejiuliza.

"Na ule mwenye kupiga foto, motokari yake iko wapi?"

"Nafikiri iko nyuma."

"Hawezi kumubebea hata mufuko moya?"

Nilijaribu kumweleza. Nikasema mpiga filamu akisaidia inakuwa filamu nyingine, tena ya uongo, kwa sababu kila siku Kabwita anasukuma bila Mzungu wa kumsaidia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema "Eeh", ile eeh yetu ndefu ambayo si ndiyo. Nimelifikiria swali lake wiki nzima na bado naona nilijibu vizuri, na bado sijaridhika. Kuna mahali barabarani Kabwita anahema, unasikia pumzi kuliko kitu kingine chochote, na mtu aliyeshika kamera naye alikuwa anaisikia pumzi hiyo hiyo, karibu zaidi kuliko sisi. Juu yake wakaongeza muziki wa sello, wa Gaspar Claus. Sello ni nzuri. Lakini pumzi ilikuwa inatosha.

Kuhusu pumzi hiyo nina jambo. Sisi wa Lubumbashi tumeshazoea kukisikia Kiswahili chetu kwenye redio na televisheni, tangu enzi za kundi la maigizo la Mufwankolo, na mpaka leo ukitaja jina hilo mbele ya wazee wanaanza kucheka kabla hujasema lolote. Ni Kiswahili cha kuchekesha. Anayetaka kuonekana mtu wa maana anabadili kwenda Kifaransa. Mhubiri anatafuta kile cha Biblia. Kinachobaki kwa ajili ya nyumbani, soko na mzaha ndicho hiki chetu. Katika Makala hakichekeshi. Kinahema, kinaomba njia, kinajadili bei, kinasali. Chini kuna maandishi ya Kifaransa, yamenyooka, yana nukta na mkato, yanamfanya Kabwita kama mtu anayetoa ushuhuda. Sauti yake haitoi ushuhuda kwa mtu, inaongea na mke wake Lydie habari za nyumba. Nadhani waliokaa Cannes waliona filamu ya huzuni kubwa. Barazani kwetu tulicheka mara kadhaa, na si kwa dharau. Kuna namna mume na mke wanavyopanga nyumba ambayo haipo, chumba hiki hapa, mlango pale, ambayo huwezi kuielewa kwa kusoma.

Njiani kuna lori linalopita karibu mno. Kuna watu wanaodai chao ili upite. Mama mdogo hapo hakusema kitu, alitikisa kichwa tu kama mtu anayesikia habari za ndugu anayemjua. Mimi nilikuwa nawaza nyaya. Waya wa umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi una kilomita 1,700 hivi, ulianza kazi mwaka 1982, na kazi yake ni kuleta umeme kutoka Mto Kongo mpaka kwenye migodi ya huku, ukipita juu ya vijiji visivyo na balbu. Watu wa nje wakija Kolwezi na kamera wanakwenda moja kwa moja kwenye kobalti. Gras yeye akafuata makala, na kwa kufuata makala alionyesha kinachopikia bukari, ugali wetu, katika mji wa kobalti. Kwa hilo namsamehe sello.

Halafu Kabwita anafika mjini, na pale ndipo filamu ilipobadilika mikononi mwangu.

Anauza. Amechoka, amejaa vumbi, wanunuzi wanaona kwamba amechoka. Bei inashuka. Anajitetea, inashuka tena. Ukiwa umemfuata tangu shoka la kwanza, kila falanga inayopungua inakuuma mwilini. Nikageuka kumwambia Mama mdogo jambo fulani juu ya ukatili wa wale kina mama, nikamkuta ametulia, mkono uko mdomoni.

"Unamujua ule mama?" nikamtania.

"Hapana," akasema. Akakaa kidogo. "Lakini ni miye."

Miaka ishirini na mbili anauza makala langoni. Anayanunua kwa nani? Kwa wanaume wanaofika alfajiri wakisukuma kinga kutoka upande wa Kasenga, wamejaa vumbi, wamechoka. Nimemsikia akikata bei nikiwa kitandani tangu nikiwa na miaka sita. Ni sauti ya asubuhi yangu, kama jogoo. Na falanga zile alizokuwa anazikata ndizo nilizokwenda nazo shuleni kulipia minervali, mpaka nikapata diploma ya kuwaeleza watu kwa nini mpiga filamu hapaswi kubeba mufuko.

Tuliangalia mpaka mwisho, mabati ambayo bei yake haifikiki, viatu vya mtoto, maombi ya usiku. Betri ilibaki na asilimia nne. Hatukuzungumza sana. Alikusanya vifuko vyake, akaniambia nisisahau kufunika ndoo ya maji.

Siku tatu baadaye, alfajiri, nilisikia kinga ikiegemezwa ukutani. Halafu badala ya bei nikasikia maswali. Umetoka wapi? Umelala njiani siku ngapi? Walikuchukulia mifuko mingapi kwenye vizuizi? Kulikuwa kimya upande wa pili, halafu sauti ya mwanaume, ya mashaka:

"Mama, weye uko mutu wa Leta?"

Mama mdogo alicheka, yeye mtu wa serikali! Akamwambia hapana, ni kwamba aliona filme, kuna mutu wa Kolwezi, njo kazi yake ni hii hii, banamupiga foto tangu kukata muti mpaka ku soko.

"Alifika?" akauliza yule mwanaume.

"Alifika."

"Aliuza?"

"Aliuza."

"Kwa bei gani?"

Nilingoja kitandani. Mama mdogo anaikumbuka bei ile, najua anaikumbuka. Nikasikia anaita jina langu, niamke nimtafutie falanga ndogo ndogo za kurudisha chenji.